Moto Usiobebwa kwa Kigae

Alimasi tulimzika mjini Baraka, kando ya ziwa Tanganyika, siku ya mvua nyembamba, na nilipomaliza kutupa udongo wangu watu wakanipeleka ndani ya nyumba yake, chumba cha mbele, wakanikalisha kwenye kiti chake mwenyewe. Wananijua. Kutoka Uvira mpaka Kalemie hakuna mahali boti inapofunga kamba ambapo ukitaja jina langu mtu atauliza ni nani huyo. Nina maboti, nina nyumba za chakula, nina vijana waliosoma wanaoniandikia barua, na mimi darasa la pili la wamisionari liliniona mgongo tu nikitoka. Sikurithi hata nanga. Lakini pale kwenye kiti cha marehemu, na sahani ya bugali na sombe ya majani ya mihogo mbele yangu ikipoa, sikuwa nikifikiria maboti. Nilikuwa nikitazama msumari ukutani. Kwenye msumari ule kulining'inia kitu kidogo cha shaba, robine ya chupa ya gazi, ile koki ya kufungulia gesi ya kupikia, imekatwa na kipande cha mpira wake, imesuguliwa mpaka inang'aa kama pete ya harusi. Kijana wangu mkubwa, aliyenisindikiza, naye akaiona. Tangu tuanze kujenga boti mpya amekuwa akinipigia kelele ileile: "Baba, safari hii tuweke gazi, makala ni mambo ya zamani." Nikamwambia anyamaze ale. Habari ya makala, makaa ya miti, na gazi juu ya maji niliimaliza kabla yeye hajazaliwa, mimi na mwenye kiti hiki.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Wabeleji, ingawa wao walitembea kama watu wasio na safari. Nilikuwa kijana mwenye kifua, mpishi kwenye boti ya Mzee Amisi, mfanyabiashara wa Baraka aliyekuwa na nyumba ya bati na sauti ya chini. Boti yake ilikuwa ya mbao, ndefu, na moteri nyuma, inabeba watu na mawese na ndakala, dagaa wetu wakavu, mpaka Uvira na kurudi. Jiko langu lilikuwa katikati: sanduku la bati lililojaa mchanga, juu yake mbabula, jiko la bati niliyoitoboa mwenyewe kwa msumari, na ndani ya mbabula makala ya miti migumu ya milima ya Fizi, makala ambayo ukiyagonganisha yanalia kama chuma. Msinifundishe makala. Mpaka leo nikishika kipande gizani nakuambia kilichomwa na mtu mvumilivu au mtu wa haraka. Juu ya moto ule nilichoma kuhe, samaki mkubwa wa ziwa letu, nimempasua mgongoni, nimempaka munyu na pilipili na mawese kidogo, nimemlaza ngozi chini mpaka nyama inaachia mfupa yenyewe bila kubembelezwa. Abiria walikuwa wakiulizana barazani, boti ya yule kijana inaondoka lini, siyo boti ya Mzee Amisi. Hilo Mzee alilisikia na hakulipenda sana.

Na nieleze mapema kitu ambacho vijana wa sasa hawakijui. Samaki wale sikuwa nikiwanunua. Tulipofika Mboko asubuhi, wamama wa samaki walikuwa wanaingia majini mpaka magotini, kila mmoja na kigae, kipande cha chungu kilichovunjika, wanaomba moto. Usiku wa mvua moto wao wa kukaushia samaki ulikuwa umekufa, kibiriti kililowa, na boti yangu ilikuwa inakuja na kaa jekundu. Kwetu moto hauuzwi. Hata adui yako akija na kigae unampa, kwa sababu hujui wako utazima siku gani. Basi nilikuwa nawawekea kaa kwenye vigae, mmoja mmoja, na hakuna aliyesema neno la malipo. Ila mama aliyepokea hakuondoka bila kulaza kitu ubaoni, kuhe mmoja, au mikebuka waliofungwa pamoja, wa kwanza kabisa waliotoka majini. Mkubwa wao alikuwa Mama Feza, mjane mwenye mabega ya mwanaume na ulimi wa wembe. Aliniita "mume wangu wa moto" mbele ya watu wote, na wote walicheka, mimi kwanza.

Hata hivyo kazi ile kwangu haikuwa samaki wala kicheko. Kijana mwenye nguvu ambaye hakuwa na tajiri wa kusema "huyu ni wangu", jina lake lilishuka kutoka bureau ya Fizi, ofisi ya serikali kule juu milimani, mpaka kwa kapita, msimamizi wa pamba ya lazima. Nilikuwa nimeilima pamba ya serikali. Nilijua kuamka na mgongo wa mzee katika mwili wa kijana, na kapita anahesabu mistari yako na fimbo chini ya kwapa. Mbabula ile ndiyo iliyosimama kati yangu na shamba lile. Moto wangu ukiondoka kwenye boti, nami naondoka nao.

Ndipo akaja Alimasi. Alishuka kutoka Albertville, ndiyo Kalemie ya leo, na shati jeupe lililopigwa pasi, na chupa ya chuma ya rangi ya majani begani kama mtu aliyebeba mtoto wa chifu. Alikuwa amempikia mzungu wa reli, na mzungu alipohama alimwachia chupa ile na jiko lake. Alimasi alikuwa mtu wa Baraka, wa familia za Kiislamu za kando ya ziwa, umri wetu mmoja, lakini alitembea kama amenitangulia kuzaliwa. Siku ileile akaingia kwa Mzee Amisi. Mimi nilikuwa barazani nikimenya mihogo na Bi Zaituni, mke wa Mzee. Chumba kile nakijua kama mfuko wangu: viti vilivyovikwa vitambaa vya maua, saa kubwa iliyosimama ambayo Mzee aliipandisha kila Ijumaa kwa heshima tu, sinia la kahawa, na dirisha la wavu lisiloweza kuzuia neno hata moja.

"Muzee," ilikuwa sauti ya Alimasi, "kule Albertville mutu wa maana hapulizi tena makala. Unafungua robine, unawasha kibiriti, chai iko tayari mbele mugeni hajamaliza salamu. Hakuna moshi. Hakuna majivu kwa nguo ya batu."

"Majivu ile," Mzee akasema, na nikasikia kikombe kikiwekwa, "ilichafua kitambaa ya mutu wa duka, akanitukana mbele ya bamama. Na cheche ilitoboa turubai yangu, tundu unaweza kupitisha kichwa ya mbuzi."

"Si unaona, Muzee."

"Lakini gunia ya makala ikikwisha, mi naona iko butupu. Hii chupa, tumbo yake sioni."

"Unaibeba, Muzee. Ikiwa nyepesi, iko na njaa."

Mzee akacheka. Kicheko kile kiliniingia vibaya. Bi Zaituni akanitazama mikono. "We mutoto wa batu," akasema polepole, "ule muhogo unamenya mpaka mifupa. Bwana yangu akipenda kitu mupya ni kama mafua, inamushika, inamwachilia. Ngojea."

Mimi si mtu wa kungojea. Nikasimama mlangoni, nikavua kofia, nikasema Muzee, mi pia niko na neno. Akasema hana haja ya neno langu, ana haja ya tumbo lake. Boti inaondoka kesho. Alimasi atapika kwenda, mimi nitapika kurudi. Jiko la boti ni moja. Atakayebaki nalo ndiye atakayebaki na kazi, na mwingine aende anapojua. Alimasi hakujua kwamba mimi sikuwa na pa kwenda ila kwenye pamba. Au alijua, sikumuuliza kamwe.

Asubuhi tukaondoka, na niseme ukweli, kwa sababu sina haja ya kumpunguza marehemu ili mimi niwe mkubwa: chai ya Alimasi ilikuwa tamu na ilikuwa ya haraka. Moto wake ulikuwa wa buluu, mpole, unanguruma kama paka. Abiria walisogea kuutazama. Mzee mmoja Mprotestanti akasema ni moto usio na mama, kwa sababu hakuna aliyeona kuni zilizouzaa. Mimi nilikuwa nimepewa kopo, nikae chini kabisa ya boti, nitoe maji yanayopenya kati ya mbao. Mpishi wa boti nzima, nimekaa na kopo. Nilitoa maji yale kwa hasira mpaka mbao zikakauka, na sanduku langu la mchanga likakaa pembeni ya jiko lake kama mke aliyeachwa.

Tukapita Nundu, tukafika Mboko. Wamama wakaingia majini na vigae vyao, Mama Feza mbele, na kuhe wawili wananing'inia kwenye kidole.

"Mume wangu wa moto iko wapi?" akauliza.

Alimasi akainama kwa adabu zote za Albertville. "Mama, leo ni mimi. Karibu na samaki yako."

"Aksanti, mwanangu. Tia moto hapa."

"Hii moto, mama, habaibebe. Ni ya gazi. Ukiitoa kwa chupa, inakufa."

Mama Feza akasogeza uso, akautazama ule moto wa buluu vizuri, kama mtu anayeonyeshwa mchumba wa binti yake. Akageuza kigae chake juu chini, kikamwaga maji ya mvua. "Moto habaibebe na kigae ni moto gani?" akasema. "Ni picha. Picha haipiki samaki yangu." Akageuka na kuhe wake. Na wengine wote, bila kikao, wakageuka nyuma yake, na vigae vitupu vichwani kama kofia, wanacheka.

Basi Alimasi akabaki na jiko zuri kupita yote ya ziwa na hana cha kuchoma. Njaa ya mchana ilipofika alifungua makopo ya sadini aliyoyaleta kwa ajili ya kujionyesha, akayapasha moto, na watu wa ziwa Tanganyika, waliozaliwa juu ya samaki, wakala samaki wa kopo kutoka nchi ambayo hawataiona. Walikula kimya. Kuna kimya kinachotukana kuliko neno. Nilisikia huruma kidogo. Kidogo tu, kwa sababu pamba nilikuwa bado naiona.

Baada ya chakula upepo wa kusini ukatukuta. Si mkubwa, wa kutikisa. Alimasi alikuwa mpishi wa nyumba, tumbo lake halikuwa limesoma maji, akaenda nyuma kujiinamia ukingoni. Chungu cha kahawa kilikuwa bado motoni. Upepo ukaulaza ule moto wa buluu mpaka ukaanza kulamba turubai. Mzee Amisi alikuwa ameketi karibu, na mikono yake ikafanya kile ambacho mikono ya watu wetu imefanya tangu babu zetu: akaondoa chungu, akachota mchanga wa sanduku langu kwa viganja viwili, akaufukia moto. Ukazima. Akapangusa viganja, akajaza kiko chake tumbaku, amependezwa. "Nyinyi munasema gazi, gazi," akawaambia abiria. "Iko moto tu. Mchanga inaijua."

Moteri ilikuwa inanguruma, hakuna aliyesikia kitu. Halafu ikaja harufu, kama vitunguu vilivyooza, na watu wakamgeukia mama mmoja aliyekuwa na kikapu cha mihogo iliyolowekwa. "Mama, mihogo yako inatuua." Naye akajibu, "Mihogo yangu ni ya jana tu, angalieni soksi za bwana huyu." Wakacheka, wakaziba pua. Mimi sikucheka. Mihogo ilikuwa mbele, juu ya mizigo, na upepo ulikuwa unaipeleka mbali. Harufu niliyokuwa nayo ilikuwa huku chini, miguuni pangu, kwenye maji machafu, nzito, na kichwa kilikuwa kinaanza kuzunguka kama nimekunywa. Nikainua uso. Mchanga juu ya jiko la Alimasi ulikuwa unatetemeka, chembe chembe zinaruka katikati, kama kuna mdudu anapumua chini yake. Na Mzee Amisi alikuwa ameshatoa kibiriti.

Sikuwa na elimu ya gazi. Nilikuwa na elimu ya moto, na moto niujuao ukifukiwa hautikisi mchanga. Niliruka kutoka pale chini, nikampiga Mzee mkono. Kiko kikaanguka, kibiriti kikaenda ziwani. Mtu aliyekuwa akinilisha, mwenye mvi, mbele ya abiria wake, nilimpiga mkono.

Nahodha, mtu wa damu ya Mzee, akasema polepole, "Umepiga Muzee?" Harufu si jibu. Kwenye maji yetu mtu wa namna hiyo hangojei kufika, anashushwa ufuko wa kwanza, na habari yake inamtangulia mpaka Fizi. Nikaona mistari ya pamba mpaka mwisho wa macho.

Ndipo Alimasi akainua kichwa kutoka ukingoni, uso wake rangi ya majivu. Akanusa. Akaangalia mchanga, akaniangalia mimi, na nina hakika aliyaona yote kwa mara moja: kwamba akinyamaza jiko ni lake. Akaja anatambaa kwa magoti kati ya miguu ya watu, akaingiza mkono kwenye mchanga, akafunga robine. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Zima moteri. Hakuna mutu kuwasha kitu. Hata kidogo." Na alipoona nahodha bado ananitazama mimi, akaongeza, "Huyu hakukosa. Muzee, kama ungewasha ile kiko, sasa hivi tungekuwa tunalisha samaki. Gazi yangu haikuzimika. Ilikuwa inatoka tu. Iko muzito, inashuka, inajaa chini kama maji. Muzungu aliniambia, na mi sikukuambia."

Moteri ikanyamaza, boti ikageuka ubavu kwa mawimbi. Alimasi akachukua ndoo, akaanza kuchota pale chini, anamwaga ziwani. Ndoo haikuwa na kitu. Akachota tena, akamwaga tena. Nikachukua kopo langu nikafanya kama yeye. Mtu aliyetuona kutoka ufukoni angesema wamerukwa na akili, vijana wawili wenye nguvu wanatoa utupu kwenye boti na kuumwaga majini. Waprotestanti wakaanza wimbo, Waislamu wakasoma, na mama wa mihogo, aliyekuwa hana hatia, akashika sufuria akashuka kutusaidia. "Mi pia nitoe hii hewa," akasema, "kumbe haikuwa ya mihogo yangu." Tulichota mpaka mikono ikafa ganzi na pua ikasikia tena ziwa.

Mzee hakusema nami mpaka Uvira, wala Uvira, wala njiani kurudi. Nilipika zamu yangu kama mtu anayepika matanga yake mwenyewe. Mboko, Mama Feza akapokea kaa lake, akalaza kuhe ubaoni, akauliza mbona mume wake ana uso wa mkwe. Nikamchoma yule kuhe kuliko nilivyowahi kuchoma. Mzee akala upande wa kichwa, akanyonya mifupa, akanawa.

Tulipofika Baraka, Mzee alituita wote wawili kwenye chumba cha saa iliyosimama. Bi Zaituni alileta kahawa, na safari hii alileta vikombe vitatu. Mzee akasema, "Gazi iko muzuri kwa nyumba. Nyumba iko na mulango, kitu mubaya inatoka. Boti haina mulango kwa chini." Akanywa. "Halafu nilikosa samaki ya Mama Feza, nikalishwa kopo." Akanigeukia. "Na we ulinipiga."

"Ndiyo, Muzee."

"Usizoee."

Ndiyo hukumu yote. Alimasi akasimama, akashika kofia yake, akasema aksanti Muzee, anataka kutoka. Sijui nani alinipa ulimi ule, lakini mimi ulimi haujawahi kunikosa siku ya haja. Nikasema, Muzee, bila huyu mi sipandi boti. Mzee akasema jiko ni moja. Nikasema jiko ni moja, lakini mikono yangu inajua moto tu, haijui mchuzi. Huyu anajua vitunguu vya wazungu, na amesema ukweli uliomtoa kazi, na mtu wa namna hiyo ukimwacha ashuke atakwenda kumnufaisha mwingine. Kutoka nyuma ya pazia Bi Zaituni akasema, "Hata mi nimechoka na samaki bila mchuzi." Mzee akacheka, na safari hii kicheko kiliniingia vizuri.

Mwaka ule tulipika pamoja, makala yangu na mchuzi wake, mpaka watu wa Uvira wakawa wanakuja kula kwenye boti iliyofungwa kamba. Kila nilichonacho leo kilianzia kwenye ubao ule. Watu husema nilibahatika. Bahati haichoti ndoo tupu. Lakini nikikaa peke yangu nafikiri kwamba nilikwenda kwenye safari ile nikidhani vita ni ya makala na gazi, na gazi haikunidhuru. Leo napikia nayo Uvira, ndani ya nyumba yenye mlango na madirisha. Aliyenipa maisha ni mtu wa gazi, aliyetambaa kwa magoti kunitetea, na tumbo lake bado linamgeuka.

Asubuhi baada ya maziko nilikuwa nimekaa tena chumba kile. Mwanamke wa nyumba ya pili akaja kwa mlango wa nyuma, hakupiga hodi, ana kigae mkononi. Mjane wa Alimasi, macho yamevimba, akafukua majivu kwa kijiti, akamwekea kaa jekundu, wakaendelea na kilio chao kila mmoja upande wake. Kijana wangu alikuwa anatazama. Nikamwambia, "Boti mpya itabeba makala." Akafungua kinywa, akaangalia kigae kikipita uani, akafunga kinywa.

Mjane akaitoa robine ya chupa ile kwenye msumari, akanipa. Alisema marehemu alitaka iwe yangu. Nikaishika kiganjani, ya baridi, nzito kuliko ninavyokumbuka, na kabla sijaitia mfukoni kidole changu kikaigeuza upande wa kufunga, mpaka mwisho, ingawa haikuwa imeshikana na kitu.

"Na yeye," mjane akasema, "kila asubuhi mbele ya kutoka, alikuwa anaifunga vile."